Mbwa Mzee Mwenye Maumivu ya Viungo

Leo tumtazame mbwa aliyelinda mji wako miaka kumi. Sasa asubuhi ya baridi anainuka kwa shida, anachechemea, kisha akitembea kidogo anachangamka. Usimwite mvivu, wala usimpige. Gegedu, yaani ule utando laini unaozuia mifupa isisagane, umelika.

Hauoti tena, lakini maumivu hupungua. Mtandikie majani makavu ya migomba mahali pasipovuja, yakilowa, yabadilishe. Mtembeze polepole kila siku, kwani kufungwa kutwa humkaza viungo. Akinenepa, punguza ugali.

Sasa sikilizeni vizuri. Vidonge vyetu vya mgongo, diklofenaki na ibuprofeni, usimpe hata nusu: huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo. Huruma ya namna hiyo huua. Dawa za mbwa zipo, nazo hupimwa kwa uzito wake. Watoto nao wasimvute miguu. Hata mbwa mpole akiumwa huuma. Ukienda kwa afisa mifugo, mweleze ni mguu upi, na tangu lini, kisha uulize kama chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati.