Kila Kihisi na Anwani Yake: Kutambua Vihisi Joto Vingi Kwenye Waya Mmoja



Mtu akishaunganisha kihisi joto cha pili kwenye bodi yake ya Arduino, namba mbili hutokea kwenye skrini naye hajui ipi ni ya wapi. Kwa anayejenga mashine ya kutotolesha vifaranga hili ni jambo zito. Mayai ya kuku huhitaji joto la karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi. Ukidhani unasoma trei ya juu kumbe unasoma ya chini, hita itawaka wakati usiotakiwa na mayai yataharibika.

Nazungumzia DS18B20, kihisi kilichotoka kwa kampuni ya Dallas Semiconductor ya Marekani. Vihisi vingi vya aina hii huweza kutumia waya mmoja wa data na pini moja ya bodi, pamoja na rezista moja ya kilo-omu 4.7 kati ya waya huo na umeme chanya. Havichanganyikani, kwa sababu kila kimoja hutoka kiwandani na anwani ya biti 64: biti 8 za aina yake, 48 za namba yake pekee, na 8 za kukagua makosa.

Namna bodi inavyozigundua anwani hizo inastahili kuelezwa. Huuliza biti moja baada ya nyingine. Vihisi vyote hujibu pamoja, kwanza biti yenyewe, kisha kinyume chake. Kwenye waya huu sifuri huishinda moja, kwa hiyo bodi ikisoma sifuri mara zote mbili, inajua kwamba hapo anwani zinatofautiana. Huchagua upande mmoja, vihisi vya upande wa pili vinanyamaza, kisha baadaye huvirudia. Ni ubunifu wa hali ya juu.

Lakini mpangilio unaopatikana hufuata anwani, haufuati mahali kihisi kilipofungwa. Mifano mingi ya programu husoma kihisi namba 0, 1, 2, na kwa maoni yangu imewapotosha wengi wanaoanza. Ongeza kihisi kimoja, au kimoja kikatike waya, kisha washa bodi upya: namba zinaweza kusogea zote, na programu isitoe onyo lolote.

Kwa hiyo unganisha kihisi kimoja kimoja, soma anwani yake, iandike kwenye lebo na uibandike kwenye waya wake. Kama vyote vimeshafungwa, shika kimoja kiganjani uone ni joto la anwani ipi linalopanda. Ndani ya programu weka jedwali la anwani na mahali, usome kwa anwani tu. Tena, kihisi kina baiti mbili za viwango vya tahadhari. Usipozitumia kwa kazi hiyo, unaweza kuhifadhi humo namba ya trei, nayo itabaki hata umeme ukizimika.

Chuja pia vipimo viwili vya uongo. Kihisi kilichowashwa na ambacho hakijapima hutoa 85, na maktaba ya DallasTemperature hurudisha -127 kihisi kisipopatikana. Programu ikiiamini -127, itaiacha hita ikiwaka mfululizo.

Ninawaomba wote mtakaojenga mashine hizi mbandike lebo kabla ya kufunga trei ya kwanza.