Habari Isiyo na Chanzo Isipite

Hotuba kwa semina ya kamati za parokia kuhusu haki na amani





Nimeombwa niseme machache kuhusu makundi ya simu ambamo waumini wetu hujadili siasa. Wapo wanaoshauri yafungwe. Mimi naomba yabaki, ila yawekewe walinzi.

Tunakumbuka vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 hapa Kenya. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, huku ujumbe wa uchochezi ukizunguka bila jina la mwandishi.

Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka wazi kwenye intaneti Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000. Kila chombo cha habari kilizijumlisha kwa mpangilio wake, hivyo jumla zikatofautiana. Aliyetuma picha ya runinga moja hakusema uongo, bali alileta kipande cha habari. Chanzo kilikuwa fomu yenyewe, na yeyote aliweza kuifungua.

Tangu 2020 WhatsApp imepunguza kasi ya ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi. Hatua hiyo ni njema, lakini haitenganishi kweli na uongo. Kazi hiyo ni yetu.

Napendekeza kanuni tatu. Kwanza, maoni ni haki ya mtu. Lakini habari ieleze nani kasema, wapi na lini. Pili, mlinzi anayeondoa habari atoe sababu mbele ya wote. Ikifutwa kimyakimya, aliyeituma ataamini kwamba kabila lake au chama chake kimeonewa. Tatu, walinzi wasitoke upande mmoja, na kanuni imguse hata mwenyekiti, hata padre. Tukikagua habari za wapinzani wetu tu, huo si ulinzi, ni kampeni.

Ndugu wafadhili, kazi hii haina jiwe la msingi la kuzinduliwa. Lakini kisima na zahanati havina faida kwa familia iliyokimbia kijiji kwa sababu ya uvumi. Tusaidieni kuwafundisha walinzi hawa mapema, si wiki ya kupiga kura.

Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Kubonyeza kitufe cha kusambaza nako ni kushuhudia.