Idadi Kabla ya Adabu: Wajibu wa Mgeni katika Ufukwe wa Hifadhi

1. Utangulizi

Semina za utalii zimezoea kumpa mgeni wa pwani orodha ya makatazo: usikanyage matumbawe, usilishe samaki, usiokote makombe, usitupe plastiki. Makatazo hayo ni sahihi, na mada hii haiyapingi. Inachodai ni kwamba yanakuja baada ya jambo lililo kubwa zaidi. Ufukwe maarufu hauchoshwi na mkorofi mmoja kama unavyochoshwa na maelfu ya watu wenye adabu wanaofika siku moja. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mgeni ni kukubali kuhesabiwa: aweke nafasi mapema, alipe kiingilio, na akiambiwa pamejaa arudi siku nyingine bila kutafuta njia ya panya.

2. Ushahidi wa Hanauma na Maya

Ghuba ya Hanauma iko katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, karibu na jiji la Honolulu. Ni shimo la volkano ya kale ambalo bahari iliubomoa ukuta wake wa upande mmoja, maji yakaingia na matumbawe yakaota ndani. Filamu ya Elvis Presley, Blue Hawaii, iliitangaza mwaka 1961, na mwaka 1967 ikafanywa hifadhi na uvuvi ukapigwa marufuku. Samaki waliongezeka, wakawazoea watu, na habari hiyo ikazidi kuvuta wageni, hata katika miaka ya 1980 siku za msimu zikawa zinapokea watu wapatao 10,000. Wageni hao hawakuwa wavuvi haramu. Walioga, waliwatupia samaki mkate na njegere, na mmoja mmoja walisimama kidogo juu ya mwamba wa matumbawe ili kurekebisha miwani. Lakini tumbawe ni mnyama mwenye nyama laini juu ya kiunzi cha chokaa, na aina nyingi zenye umbo la jiwe hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Unyayo wa nusu dakika unaweza kufuta ukuaji wa miaka. Mchanga uliotimuliwa na miguu ulitia maji ukungu na kuyapunguzia matumbawe mwanga, na chakula cha bure kiliwanenepesha samaki wakali wa aina chache waliowasukuma wenzao pembeni.

Mwaka 1990 jiji la Honolulu lilianza kubana idadi ya wanaoingia, likatenga siku ya mapumziko kila wiki, na baadaye likakataza kulisha samaki. Tangu mwaka 2002 kila mgeni hutazama kwanza video fupi ya mafunzo kabla ya kushuka ufukweni. Kisha mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukaifunga ghuba kwa miezi kadhaa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii wakapima maji na kukuta yameng'aa kuliko awali. Ushahidi huu una uzito wa pekee, kwa sababu mafunzo na makatazo vilikuwapo muda wote huo. Kilichobadilika ni idadi ya miguu majini. Baada ya hapo ghuba ikawekewa ukomo wa takriban watu 1,400 kwa siku, nafasi zikaanza kuombwa mtandaoni siku mbili kabla, na mapumziko yakawa siku mbili kwa wiki.

Ufukwe wa Maya, katika kisiwa cha Phi Phi Leh nchini Thailand, unatoa ushahidi uleule. Baada ya filamu ya The Beach ya mwaka 2000 ulifikia kupokea watu wapatao 5,000 kwa siku, boti zikitia nanga kwenye maji mafupi juu ya matumbawe. Mamlaka ziliufunga Juni 2018 na kuufungua Januari 2022. Katika kipindi hicho papa wadogo wenye mapezi ya ncha nyeusi walirejea kwa wingi. Siku hizi boti haziingii ghubani. Hushusha abiria upande wa nyuma wa kisiwa, wageni huingia kwa zamu, na kila mwaka ufukwe hufungwa kwa muda ili upumzike.

3. Hoja za kupinga

Wapo watakaosema kwamba kupunguza wageni ni kumnyima nahodha na mpishi riziki. Hoja hii haijibiwi kwa kusema tu kwamba mwamba ukifa riziki nayo imekufa, maana nahodha anataka kula leo. Jibu lake ni mgawo wa mapato. Katika kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambacho mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, malazi ya wageni ni vibanda saba tu. Hata hivyo waliokuwa wavuvi waliajiriwa kuwa askari wa hifadhi, na mapato ya wageni hao wachache hugharimia ziara za wanafunzi wa Zanzibar. Mgeni mmoja anayelipa ipasavyo anaweza kuwa na faida kuliko kumi waliopunguziwa bei.

Wengine watasema kwamba viingilio vikubwa huifanya bahari kuwa mali ya matajiri. Hofu hii ina msingi, lakini dawa yake ni kutofautisha wanaolipa, si kuondoa ukomo. Hanauma humtoza mgeni dola 25, na mkazi wa Hawaii akionyesha kitambulisho haombwi kiingilio. Hapa kwetu Zanzibar pia, ambako watoto wengi wa pwani hawajawahi kuutazama mwamba wao kwa miwani, ukomo usiowatengea wenyeji nafasi utakuwa dhuluma.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni kwamba joto la bahari linayapausha matumbawe hata pale ambapo hakuna mtu. Ni kweli, na Hanauma yenyewe haikusalimika. Lakini mwamba uliochoshwa na tope na nanga hupata taabu zaidi kupona baada ya joto. Isitoshe, meneja wa hifadhi hawezi kuipoza bahari, ila lango la hifadhi yake anaweza kulifunga asubuhi hii hii.

4. Mapendekezo

Msimu ukipamba moto, boti za watalii hubanana kwenye mwamba wa kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, na mgeni aliyelipia safari ya bei ya kutupa hajui kama ada ya hifadhi imelipwa. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila hifadhi ya pwani itangaze ukomo wake wa siku na kuuandika kwenye vibali vya boti, ili nahodha asilazimike kushindana na mwenzake kwa kujaza abiria. Pili, mgeni afundishwe kuuliza maswali matatu kabla ya kupanda: boti itafungwa kwenye boya au itatia nanga, risiti ya hifadhi iko wapi, na tutakuwa watu wangapi majini. Akikosa majibu, aahirishe safari. Orodha ya makatazo itabaki na kazi yake, lakini itafanya kazi pale tu ambapo waliomo majini ni wachache kiasi kwamba msimamizi anaweza kumwona kila mmoja wao.