Kisiwa Kisicho na Mto: Tujifunze Nini Kutoka Wasini?

(Maneno ya mfanyakazi wa huduma za jamii katika mkutano wa viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kisii na Nyamira)

Nimeombwa niseme juu ya kutunza chemchemi. Najua hotuba za chemchemi mmezisikia mpaka masikio yamechoka. Kwa hiyo leo nitawapeleka mbali kidogo, mpaka baharini, kwenye kisiwa kidogo kinachoitwa Wasini. Baadaye tutarudi nyumbani. Nivumilieni, kwa sababu mwishoni nina jambo langu mwenyewe la kuwaeleza, na si jambo la kujivunia.

Safari yenyewe

Ukitoka hapa unalala ndani ya basi mpaka Nairobi, halafu Mombasa. Pale unavuka kivuko cha Likoni, unaelekea kusini kupitia Ukunda na Msambweni, halafu unakata kushoto kwenda Shimoni. Ni karibu na mpaka wa Tanzania. Ukisimama kwenye gati la Shimoni unakiona kisiwa mbele yako, kama vile mtu wa Manga anavyoona mji wa Kisii kule chini. Unaingia mashua, na baada ya muda mfupi umefika.

Wasini ni kisiwa chembamba, urefu wake kama kilomita 5. Hakuna gari hata moja. Watu hutembea kwa miguu kutoka kijiji cha Wasini mpaka Mkwiro, kule upande wa mashariki. Lakini kilichonishangaza mimi, mtu wa milimani, hakikuwa bahari wala kukosekana kwa magari. Ni kwamba hakuna mto. Hakuna kijito, hakuna chemchemi. Mvua ikinyesha, maji yanapotea kwenye mawe kana kwamba umeyamwaga ndani ya chujio.

Mawe yaliyokuwa hai

Kwa nini maji yanapotea? Kwa sababu kisiwa kizima ni jiwe la matumbawe. Matumbawe yanapokuwa hai si jiwe wala si mmea. Ni wanyama wadogo sana, wanaoishi pamoja kwa maelfu chini ya bahari. Kila mmoja hujijengea kijumba cha chokaa. Akifa, kijumba hubaki, na mwingine hujenga juu yake. Hivyo polepole, miaka kwa maelfu, unapatikana mwamba.

Zamani sana, kama miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa. Mawe mengi ya pwani yetu yalijengwa chini ya maji nyakati za namna hiyo. Bahari iliposhuka, matumbawe yakabaki nje, yakafa, yakawa nchi kavu. Nyuma ya kijiji cha Wasini kuna mahali panapoitwa bustani ya matumbawe. Ni mawe ya kijivu yenye makali, yaliyoliwa na maji kwa chini, kila moja na umbo lake. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, bahari huingia na kuzunguka katikati ya mawe hayo. Maji yakitoka, unaweza kupita kwa miguu.

Hapo ndipo inapoota mikoko. Mkoko ni mti unaosimama ndani ya maji ya chumvi. Mizizi yake inashika tope lisichukuliwe na mawimbi, na samaki wadogo hujificha humo mpaka wakue. Ukikata mikoko leo, mvuvi atalia baadaye, na huenda asijue sababu.

Watu wa kisiwa

Wenyeji wa Wasini ni Wavumba. Wanasema Kivumba, ambacho ni Kiswahili cha kwao. Jina hilo linatoka Vumba Kuu, mji wa zamani uliokuwa bara, karibu na mpaka wa Tanzania wa siku hizi. Mtawala wao aliitwa Diwani. Baadaye ukoo wa watawala ulihamia Wasini. Mpaka leo kuna magofu ya nyumba za mawe, na kaburi la nguzo lililopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Fikirini hilo: sahani iliyotengenezwa China, imefika kwenye kisiwa kisicho na maji ya kunywa!

Sasa waliishije bila mto? Walifanya mambo mawili. La kwanza, walijenga jabia. Jabia ni birika kubwa la kukinga mvua. Sehemu ya juu inasakafiwa kwa chokaa na kuinamishwa kidogo ili kila tone liingie ndani. Jabia likipasuka, ni shida ya watu wote, wala si ya jirani peke yake. La pili, walikaa vizuri na watu wa bara. Udongo wa kisiwa ni mchache, kwa hiyo walihitaji mashamba ya ng'ambo na urafiki wa Wadigo na Wasegeju. Aliye kisiwani hawezi kumdharau jirani.

Sisemi kwamba historia yote ni nzuri. Pale Shimoni kuna pango kubwa, na ndilo lililoupa mji jina. Wenyeji wanasimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja majahazi. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, lakini utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka wa 1907 tu. Shimoni pia palikuwa kituo cha ile Kampuni ya Waingereza iliyopewa hati yake mwaka wa 1888. Kampuni ilishindwa, serikali ya Uingereza ikachukua mahali pake mwaka wa 1895, na miaka 10 baadaye askari wake walikuwa huku kwetu Gusii. Nanyi mnaijua hadithi ya Otenyo na Moraa ya mwaka wa 1908. Kwa hiyo msidhani mambo ya pwani hayatuhusu. Njia iliyofika Kisii ilianzia huko.

Leo pango lile linasimamiwa na wenyeji. Mgeni analipa kiingilio, na fedha zinasaidia shule na mahitaji ya kijiji. Mahali pa machozi pamegeuzwa kuwa mahali pa karo.

Ugomvi na faida

Mwaka wa 1973 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari kusini mwa Wasini, kwenye visiwa vidogo vya Kisite na Mpunguti. Mwaka wa 1978 mipaka yake ikapangwa upya. Katika Kisite hakuna ruhusa ya kuvua kabisa. Katika Mpunguti unaruhusiwa uvuvi wa kienyeji tu. Wavuvi walikasirika. Nanyi mngekasirika. Baba yako na babu yako wamevua mahali fulani, halafu mtu anakuja na karatasi na kusema kuanzia leo hapana. Ni kweli kwamba samaki wakilindwa wanaongezeka na kutoka nje ya mpaka, na wavuvi wanawapata huko. Lakini tumbo la leo halijui hesabu ya kesho. Watalii walikuja kuona matumbawe na pomboo, na faida nyingi ilikwenda kwa wenye mashua na wenye mikahawa.

Kina mama hawakuwa na mashua. Walichokuwa nacho ni ile bustani ya mawe nyuma ya nyumba zao, ambayo wengi waliiona kama tope tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa wafadhili, kikundi cha wanawake wa Wasini kilijenga njia ya mbao juu ya nguzo, ikipita kati ya mawe na mikoko. Mgeni anatembea juu bila kukanyaga mimea, na analipa ada kidogo. Mapato yamesaidia karo za watoto na mahitaji ya familia. Chini ya mbao kunaota mboga ya pwani, yenye majani manene ya chumvichumvi, ambayo ni kitoweo. Na kwa kuwa mikoko inawaletea chakula na fedha, si rahisi mtu kuja na panga akaikata huku wakimtazama.

Ninachotaka mkumbuke ni hiki: mfadhili alitoa mbao, lakini mbao katika maji ya chumvi zinaoza. Anayebadilisha ubao uliooza ni kikundi. Siku kikundi kitakapolala, njia itaanguka.

Bahari na mlima ni kitu kimoja

Mwaka wa 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi. Ilikuwa wakati wa El Niño. Matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe, na mengi yakafa. Mwaka huo huo huku kwetu, mvua ile kubwa ilileta malaria katika milima ambako watu hawakuizoea. Wengi hapa wanakumbuka wodi zilivyojaa, wagonjwa wakilala wawili wawili kitandani. Joto lile lile la bahari lilituumiza sote, sisi na Wavumba.

Tukirudi nyumbani

Sasa lile jambo langu. Sisi Mungu ametupa mvua zaidi ya milimita 1500 kwa mwaka. Tuna Gucha, tuna vijito kila bonde. Mtu wa Wasini akisikia kwamba Mkisii ananunua maji kwa mtungi wakati wa kiangazi, atacheka au atalia?

Chini ya boma letu kulikuwa na chemchemi. Mama mkwe wangu aliolewa akaikuta. Miaka kumi na kitu iliyopita, mimi na mume wangu tulipanda mikaratusi pale bondeni, hii tunayoiita blugamu. Tulitaka karo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwafundisha watu wasipande blugamu karibu na maji, halafu jioni narudi nyumbani kuimwagilia yangu! Majirani walinyamaza kwa heshima. Maji yakapungua mwaka hadi mwaka, mpaka kiangazi kimoja pakabaki tope. Hapo heshima ikaisha. Jirani mmoja, mama mzee, aliniambia: "Mwanangu, umeuza maji yetu ukamsomesha wako."

Sikuwa na jibu. Nilipotoka Wasini, nikiwa nimeona watu wanaokinga kila tone, nilimwambia mume wangu tukate. Tulibishana wiki mbili, maana miti ile ilikuwa bado haijakomaa na mtoto wa mwisho yuko shuleni. Mwishowe tukakata iliyo karibu na maji, tukaiacha ya juu ya mlima. Majirani walikuja kwa risaga, kama zamani, tukang'oa visiki kwa sababu blugamu huchipuka tena. Tumepanda mianzi na omotembe. Maji yamerudi kidogo. Hayajawa kama yale aliyoyakuta mama mkwe, na sijui kama yatakuwa. Lakini mtungi unajaa.

Ndugu zangu, msiende nyumbani mkasema mmeambiwa hadithi ya kisiwa. Hata ridge yako ni kisiwa, jirani yako ndiye ng'ambo, na chemchemi ndiyo jabia lenu. Ikipasuka, ni shida ya wote.



Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Chemchemi zilizokuwako tulipokuwa watoto ni ngapi? Zilizobaki ni ngapi?
2. Ni nani anapanda nini karibu na maji yetu? Je, tunaweza kumwambia bila ugomvi? Na akiwa ni mmoja wetu?
3. Kina mama wa Wasini waliona mali mahali ambapo wengine waliona tope. Sisi tuna nini kijijini ambacho hatujakiona?
4. Kikundi chetu kikipewa msaada leo, ni nani atakayebadilisha ubao uliooza?