Kipi Kibonyee Kwanza?

Leo twaanzia Biashara Street, mtaa wa leso hapo Mombasa, ambako tuktuk hupenya baina ya mikokoteni na akina mama wanaochagua doti milangoni mwa maduka, mwendo wake hauzidi wa mtu anayekimbia. Kisiwa hiki kiliwahi kuishi na mwendo huo. Tangu miaka ya 1890, wakubwa wa serikali na wageni walibebwa kwa troli, viti vyenye paa la kitambaa juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu kwa miguu kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Reli zenyewe zilikuwa masalia ya njia ndogo iliyoanzishwa na kampuni ya Imperial British East Africa mwaka 1890, ikaachwa hata haijafika mbali. Kwa kasi ya miguu ya binadamu, hapakuwa na haja ya kuuliza chuma cha troli kimeundwaje.

Swali lilikuja na injini. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya gari huongezeka mara nne, na gari likigonga, nishati hiyo lazima iishie mahali. Kwa miongo mingi waundaji waliamini kuwa dawa ni ugumu. Aliyewapinga ni Béla Barényi, mhandisi wa Daimler-Benz mzaliwa wa Austria, ambaye mwaka 1951 aliomba hataza ya wazo lililoonekana kichekesho: mbele na nyuma ya gari pabonyee, ila katikati, walipo watu, pasibonyee. Mwaka 1959 Mercedes-Benz ilitoa gari lililoundwa hivyo. Watu wa pwani hawana sababu ya kushangaa. Nazi huporomoka kutoka kileleni na kifuu kisipasuke, kwa kuwa makumbi ndiyo yaliyopokea kishindo. Hesabu ya kubonyea ni hii. Gari la kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya nusu mita, abiria wa kilo 70 aliyefunga mkanda hukabwa na nguvu sawa na uzito wa tani 1.4. Likisimama ndani ya sentimita 10, ni karibu tani 7, na hizo hakuna kifua kinachozistahimili.

Wako watakaosema, mbona magari ya zamani yalikuwa chuma kweli, yakigonga mti, mti ndio unaoumia? Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima huko Marekani ililigonganisha Chevrolet Bel Air la 1959 na Chevrolet Malibu la 2009, ana kwa ana, kila moja likienda kilomita 64 kwa saa. Sehemu ya abiria ya lile kongwe ilibomokea ndani na usukani ukamfuata dereva wa sanamu. Kwenye lile jipya, boneti ilikunjamana ovyo, dereva akabaki na nafasi yake. Kwa hiyo hoja si ugumu wala ulaini, bali ni mpangilio: kipi kibonyee kwanza, kipi kisibonyee kamwe.

Na mpangilio huo ndio historia yetu iliougeuza juu chini. Mabasi mengi ya Kenya yalizaliwa kwa chesisi ya lori iliyoagizwa nje, mihimili miwili mirefu ya kubebea mzigo, kisha fundi wa hapa akachomelea juu yake paipu za mraba na kuzivika mabati. Chini hakubonyei, juu ndiko kunakobomoka. Oktoba 2018, huko Fort Ternan, basi lilipinduka, paa likang'oka, wakafa watu zaidi ya 50. Kiwango cha kitaifa cha bodi za mabasi, KS 372 cha 2014, kilikuwa tayari kipo. Kuandika kiwango ni kazi nyepesi kuliko kukagua kila kiungo kilichochomelewa.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema tatizo ni mwendo na madereva, si bodi. Wana haki kwa sehemu kubwa. Kanuni za Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, zilizoanza kutumika Februari 2004, ziliagiza mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Lakini kilomita 80 zina nishati zaidi ya mara mbili na nusu ya kilomita 50, na mkanda uliofungwa kwenye kiti kilichoshikizwa kwa bati jembamba utang'oka pamoja na kiti chake. Kanuni ya mkanda inategemea fundi wa bodi, apende asipende.

Turudi kwa tuktuk, maana yeye hana hata chesisi ya kulaumiwa. Mbele ana gurudumu moja, bati, kisha magoti ya dereva, shibiri chache tu nyuma yake. Hapana nafasi ya kubonyea isipokuwa miguu ya mtu. Ndani ya Biashara Street hilo halina madhara makubwa. Akitoka hapo kuvuka Daraja la Nyali, au kushika njia ya Makupa pamoja na malori ya bandarini, hajaongezewa hata sentimita moja mbele, ilhali mwendo umepanda. Kumwongezea bampa nene la chuma, kama wengine wanavyofanya, hakuongezi sentimita hizo: kishindo kinapita moja kwa moja hadi kwenye kiti. Pasipoweza kupatikana urefu wa kubonyea, kilichobaki cha kupunguza ni kilomita kwa saa.