Hongo ya Njia Mpya

(Hotuba kwa wanafunzi na wanafunzi wa zamani, Kigwa)



Nimeombwa nizungumzie zana za bure za intaneti. Nitaanzia hapa hapa Kigwa. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita hapa. Stanley alipita mwaka 1871, na Kigwa ameitaja kitabuni mwake. Njiani misafara ilitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi za watu. Asiyeijua njia alilipa zaidi.

Leo shehena yetu ni bando. Ukifungua tovuti, matangazo na vifuatiliaji hula bando kabla hujasoma mstari mmoja. Hiyo ndiyo hongo ya sasa, na anayeumia zaidi ni mwanafunzi mwenye bando dogo.

Dawa ya kwanza ni uBlock Origin. Hii ni nyongeza, yaani programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti. Huzuia matangazo bila malipo, na hufanya kazi ndani ya Firefox, hata kwenye simu za Android. Wenye Chrome watumie ndogo yake, uBlock Origin Lite.

Pili ni vitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Kitabu cha Stanley nacho kimo katika Project Gutenberg, mradi ulioanza mwaka 1971. Kijana wa Kigwa anaweza kusoma mgeni aliandika nini juu ya kwao, kisha akamwulize babu kama ndivyo.

Tatu ni Kiwix. Hii huwezesha kupakua Wikipedia ya Kiswahili mara moja, kisha kuisoma bila mtandao. Nne ni LibreOffice, ya kuandikia barua na kupangia hesabu, isiyodai leseni ya kununua.

Lakini ndugu zangu, cha bure nacho kina mwenyewe. Ilikuwapo nyongeza ya Chrome iitwayo The Great Suspender, iliyopendwa na watu wengi. Mwaka 2020 mwenye nayo aliiuza. Februari 2021 Google iliiondoa, kwa kuwa ilikuwa imebeba programu hatari. Jina lilikuwa lile lile, mwenye mali alikuwa mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kupachika, uliza: Nani ameitengeneza? Anapata wapi riziki yake? Inaomba ruhusa gani? Kikokotoo kikitaka kusoma kila ukurasa unaofungua, kikatae. uBlock Origin nayo huomba ruhusa hiyo, maana haiwezi kuzuia isichokiona. Lakini msimbo wake uko wazi, na wajuzi huweza kuukagua.

Mwisho, nina ombi kwa wenzangu tuliokwisha pata ajira. Tuchange tupate kompyuta moja, tuiwekee Kiwix na vitabu vya Gutenberg, tuikabidhi maktaba ya shule. Bando likilipwa mara moja, darasa zima litasoma mwaka mzima. Mimi nitaanza kuchanga leo, kabla hatujatawanyika.