Mzigo Hufungwa Ghalani, Haufungwi Njiani



Mkulima wa Maramba hutoa jasho mwaka mzima kwa ajili ya machungwa, nazi, mahindi na muhogo wake. Hata hivyo, jasho hilo laweza kupotea kwa dakika moja katika kona ya mteremko, iwapo lori limepakiwa ovyo. Tena si mazao peke yake yanayopotea. Aghalabu juu ya shehena huwa wameketi wapakiaji na wanakijiji waliokosa basi. Kamba ikikatika, mzigo huwaangukia hao kwanza.

Malori yanayopakia Maramba hushuka kutoka chini ya milima ya Usambara ya Mashariki hadi Mabokweni, yanapokutana na barabara kuu ya Tanga na Horohoro. Toka hapo mengine huelekea Tanga, na mengine hushika njia ya mpakani kwenda Mombasa. Katika safari hiyo mzigo husukumwa huku na huku. Dereva akifunga breki, gari husimama, lakini mzigo hutaka kuendelea na mwendo wake. Kanuni inayotumika Ulaya hudai mzigo uzuiwe kwa nguvu iliyo sawa na sehemu 8 katika 10 za uzito wake upande wa mbele, na sehemu 5 katika 10 upande wa kulia, kushoto na nyuma. Maana yake, mzigo wa tani 10 wahitaji kizuizi cha tani 8 mbele. Turubai haliwezi kazi hiyo. Turubai ni la kukinga mvua na vumbi tu.

Jambo la kwanza ni uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Machi 2019, huruhusu tani 8 katika ekseli ya mbele ya usukani, na tani 10 katika ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Kwa hiyo lori la ekseli mbili halipaswi kuzidi tani 18 pamoja na uzito wake lenyewe, na hapana budi kutii kiwango cha mtengenezaji kikiwa pungufu ya hapo. Kwa mfano, lori tupu la tani 6 litabaki na nafasi ya tani 12, yaani magunia 120 ya kilo 100. Magunia hayo yakijazwa lumbesa yakafika kilo 130, uzito utakuwa tani 15 na kilo 600. Hesabu ya magunia ni ile ile, lakini breki zimeongezewa tani 3 na kilo 600. Basi lumbesa humpunja mkulima ghalani, kisha humhatarisha dereva mlimani.

Jambo la pili ni upangaji. Sakafu ya lori ifagiwe kwanza, kwani mchanga na maganda huteleza. Mzigo mzito ukae chini, mwepesi juu. Safu ya kwanza iegemee ubao wa mbele pasipo kuacha mwanya, na magunia yapishane kama matofali ya ukuta. Uzito usirundikwe nyuma ya ekseli ya nyuma, maana magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hautii. Machungwa na nazi hubingirika. Yatiwe katika makasha au magunia, au yasizidi kimo cha mbao za ubavuni.

Jambo la tatu ni kufunga. Kamba zifungwe kwenye ndoano imara za gari, wala si kwenye mbao za ubavuni. Penye ncha kali pawekwe gunia lililokunjwa ili kamba isilike. Kamba ya mkonge iliyokazwa ikiwa imelowa hulegea ikauka. Hivyo ikaguliwe tena jua likitoka. Hata kamba kavu hulegea baada ya mwendo mfupi, kwa sababu mzigo hujipanga upya kwa mtikisiko. Dereva asimame akaze baada ya kilomita chache, na tena Mabokweni kabla ya kuingia barabara kuu.

Inafaa kila chama kiwe na hati ya kupakia. Mtunza ghala aandike idadi na uzito wa magunia, namba ya gari na saa ya kuondoka, kisha yeye na dereva watie sahihi baada ya kuzikagua kamba pamoja. Mtu yeyote akiwa juu ya shehena, sahihi isitolewe mpaka ateremke, ajapokuwa mjumbe wa kamati.

Tahadhari ni kabla ya hatari. Gunia lililoanguka hulipwa msimu ujao. Mtu aliyeanguka nalo hana msimu mwingine.